Word Inapokugeuka: Utatuzi wa Matatizo kwa Anayejifunza Kuandika Nyaraka za Kiufundi

Hatua ya 9 ya mwongozo wa pampu ya sola ilisema: "Rudia hatua ya 4." Mwandishi alikusudia hatua ya kuzima swichi ya umeme unaotoka kwenye paneli za sola. Lakini njiani mtu alipachika picha, namba zikaanza upya, na hatua ya 4 iliyochapishwa ikawa ile ya kuchomoa nyaya za pampu. Paneli zikipigwa na jua huzalisha umeme muda wote. Ukichomoa waya wenye mzigo kabla ya kuzima swichi, cheche inayoruka hapo inaweza kuunguza mkono. Fundi aliyekuwa ameshika mwongozo ule alikuwa mzoefu, akaliona kosa na kutupigia simu. Tangu siku hiyo sijawahi kuzichukulia namba za orodha kama pambo la ukurasa.

Nawaandikia vijana waliomaliza kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, wana cheti kinachosema wanajua Word na Excel, na sasa wamepata kazi ya kuandika miongozo ya mitambo, taratibu za maabara au maelekezo ya programu. Ghafla Word ile ile waliyoizoea inawageuka. Si kwamba hawana akili wala bidii. Kozi nyingi hufundisha jinsi ya kuufanya ukurasa upendeze, ilhali waraka wa kiufundi unahitaji mifupa: kila aya iwe imeambiwa yenyewe ni nini, iwe kichwa, hatua, onyo au maelezo ya picha. Dalili nyingi zilizomo humu chanzo chake ni kimoja, kwamba mtu alipaka rangi mahali palipohitaji mfupa.

Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ya Word ya Windows, ili usihangaike kuyatafuta.

Kabla hujagusa kitu

Kwanza, nakili faili na ufanyie kazi nakala. Pili, bonyeza Ctrl+Shift+8 ili alama zilizofichika zionekane: nukta ndogo kwenye kila nafasi, mshale kwenye kila tabo, na alama ya ¶ mwishoni mwa kila aya. Tatu, bonyeza Alt+Ctrl+Shift+S ili dirisha la mitindo (Styles, majina yanayoiambia Word kila aya ni nini) lifunguke pembeni, kisha bofya ndani ya aya mbalimbali uone kila moja imepewa mtindo gani.

Hapo utajua unashughulika na faili la aina gani. Ukiona ¶ kumi zimepangana ili kusukuma kichwa kiende ukurasa unaofuata, ukiona tabo sita zikishikilia maandishi yakae kulia, na kila aya, hata vichwa, imeandikwa Normal, basi mwandishi aliyekutangulia alitumia Word kama taipureta. Usianze kurekebisha kosa moja moja. Panga kutwa nzima ya kulisuka faili upya, maana kosa moja ukilifunika litaibukia kwingine.

Dalili: namba za hatua zinaendelea pale zinapotakiwa kuanza upya, au zinaanza upya pale zinapotakiwa kuendelea

Hii ndiyo dalili inayowatesa wengi, na ndiyo yenye hatari, kwa hiyo nitakaa nayo.

Ukibonyeza kitufe cha namba kwenye kichupo cha Home, Word huiweka aya hiyo kwenye orodha fulani iliyo ndani ya faili. Orodha hiyo huioni, lakini Word inaikumbuka. Ukinakili hatua tatu kutoka waraka mwingine na kuzibandika, zinakuja na orodha yao. Kwa macho zinafanana na zako, ila ndani ni ukoo mwingine. Ndiyo maana unaweza kuwa na hatua 12 zinazoonekana kama orodha moja, kumbe ni tatu zilizounganishwa kwa bahati tu, na siku ukifuta aya moja bahati ile inakwisha.

Wengi hubofya namba kwa kitufe cha kulia na kuchagua Restart at 1. Ni sawa kwa barua ya kurasa mbili. Kwa mwongozo wenye taratibu 30 ni kujitafutia balaa, kwa sababu kila utaratibu utakuwa umefungwa kwa fundo lake, na hakuna atakayekumbuka fundo lipi liko wapi.

Tiba inayodumu ni kutengeneza orodha ya ngazi nyingi iliyofungwa kwenye mitindo. Unda mtindo mmoja wa kichwa cha utaratibu, mfano uuite "Utaratibu", na mwingine wa hatua, uuite "Hatua". Kisha nenda Home, Multilevel List, Define New Multilevel List, ufungue More. Ngazi ya 1 ifunge kwenye mtindo wa Utaratibu kupitia Link level to style, na ufute namba yenyewe kwenye kisanduku cha muundo ili isionekane. Ngazi ya 2 ifunge kwenye mtindo wa Hatua, uweke namba ya kawaida, na uhakikishe Restart list after inasoma Level 1. Kuanzia hapo kila ukiandika kichwa kipya cha utaratibu, hatua zinazofuata zinaanza na 1 zenyewe.

Lipo jambo moja zaidi ambalo sijaona kozi ikilifundisha. Kati ya hatua ya 3 na ya 4 mara nyingi kuna picha, au aya ya maelezo. Wanafunzi huandika aya hiyo, Word inaipa namba, wanaifuta namba, na orodha inakatika. Tumia mtindo ambao Word tayari inao, List Continue, au unda wako uuite "Maelezo ya hatua". Aya ya aina hiyo imesogea ndani sawa na hatua lakini haina namba, na haiingilii hesabu. Picha iliyoharibu mwongozo ule wa pampu ingewekwa hivi, simu ya fundi isingepigwa.

Na ukibandika kutoka kwingine, chagua Keep Text Only, halafu upake mtindo wako mwenyewe. Ni sekunde tano za ziada.

Dalili: "Error! Reference source not found" katikati ya sentensi

Maneno "angalia hatua ya 4" au "angalia Kielelezo 7" yasichapwe kwa mkono hata mara moja. Yaingizwe kwa References, Cross-reference, ili namba ijibadilishe pale hatua inapohama. Ukifanya hivyo, Word inaweka alama iliyofichika kwenye aya unayoirejelea, yenye jina linaloanza na _Ref. Bonyeza Alt+F9 uone: badala ya namba utaona msimbo ndani ya mabano ya mawimbi, na jina hilo litakuwa humo. Bonyeza tena kurudi.

Kosa linatokea pale mtu anapofuta aya nzima iliyorejelewa na kuichapa upya. Maneno yamerudi, lakini alama imekufa. Mbaya zaidi, ujumbe wa kosa hauji papo hapo. Unakuja pale tu Word inapohesabu upya, na kwa wengi hiyo huwa ni dakika ya kuchapa.

Kama umegundua mara moja, Ctrl+Z. Kama siku zimepita, futa ujumbe na uingize rejeo upya. Hakuna njia rahisi ya kuifufua alama. Ukitaka kubadilisha maneno ya kichwa kilichorejelewa, weka kishale ndani ya kichwa hicho, andika maneno mapya, kisha ufute ya zamani herufi kwa herufi, bila kugusa ¶ ya mwisho. Na kabla ya kutengeneza PDF bonyeza Ctrl+A kuchagua vyote, F9 kuhesabu upya, halafu Ctrl+F na utafute neno Error! pamoja na alama yake ya mshangao. Kumbuka Ctrl+A haifiki kwenye maandishi ya juu na chini ya ukurasa wala ndani ya visanduku vya maandishi. Huko ingia mwenyewe.

Dalili: orodha ya yaliyomo inaonyesha kurasa zisizo sahihi, au imemeza aya nzima

Kurasa zikiwa si sahihi, jiulize kwanza kama orodha ni hai. Ibofye, ikigeuka kijivu yote, ni hai na F9 inatosha. Isipogeuka, mtu aliichapa kwa mkono pamoja na vidoti vyake. Ifute, pitia vichwa vyote ukiwapa Ctrl+Alt+1, Ctrl+Alt+2 na Ctrl+Alt+3 kulingana na ngazi, kisha ingiza mpya kutoka References.

Ikiwa orodha imemeza aya nzima, aya hiyo imepewa mtindo wa kichwa, kwa kawaida kwa sababu mtu alipenda rangi yake. Ikiwa imemeza picha, picha hiyo imekaa ndani ya aya ya kichwa. Hapo mbofyo mmoja kwenye dirisha la mitindo unamaliza kazi.

Dalili: picha zinaruka, zinapotea, au inaonekana kamba nyembamba tu ya picha

Kamba nyembamba: nafasi kati ya mistari imewekwa Exactly. Fungua mipangilio ya aya, weka Single. Nimeona mtu akiingiza picha ile ile mara sita akidhani faili limeharibika.

Kuruka: picha imewekwa ielee juu ya maandishi. Bofya picha, kwenye Layout Options chagua In Line with Text, iwe kama herufi kubwa moja ndani ya aya yake. Aya hiyo ipe mtindo maalumu wenye Keep with next ili picha na maelezo yake visitenganishwe na ukingo wa ukurasa. Kwenye gazeti picha inayoelea inapendeza, lakini kwenye mwongozo wa hatua kwa hatua lazima ikae chini ya hatua inayoihusu, basi.

Ukungu: hapa chanzo mara nyingi kiko nje ya Word. Mafundi walio kazini hututumia picha kwa WhatsApp, na WhatsApp huibana picha ili isafiri haraka. Waombe waitume kama faili, kwa njia ya Document. Kisha kwenye File, Options, Advanced weka alama kwenye Do not compress images in file, la sivyo Word nayo itaibana kwa zamu yake pale unapohifadhi.

Dalili: msomaji ananakili amri kutoka mwongozo wako na kompyuta inaikataa

Umeandika amri sahihi kabisa, umeijaribu, inafanya kazi kwako. Msomaji anainakili kutoka PDF na anapata kosa. Angalia alama za nukuu. Ulichapa zilizonyooka, Word ikazipinda zifanane na za vitabuni. Ulichapa vistari viwili vinavyotangulia chaguo la amri, Word ikavigeuza kuwa kistari kimoja kirefu. Kwa macho ya mtu ni kitu kile kile. Kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Hali kadhalika ukiandika (c) kuonyesha kipengele cha tatu, Word inaweka alama ya hakimiliki.

Zima tabia hizi kwenye File, Options, Proofing, AutoCorrect Options: kichupo cha AutoFormat As You Type kwa nukuu na vistari, kichupo cha AutoCorrect kwa (c). Kuzima hakutibu yaliyokwisha kubadilishwa, hivyo pita na Ctrl+H, tafuta na ubadilishe. Kwa dharura, Ctrl+Z mara moja baada ya Word kugeuza alama hurudisha ulichochapa bila kufuta neno.

Unda pia mtindo wa "Amri" wenye fonti ambayo herufi zake zote zina upana sawa, mfano Consolas, na kwenye mpangilio wake wa lugha uweke Do not check spelling or grammar. Mwandishi wa nyaraka za programu asiye na mtindo huu hutambulika kwenye ukurasa wa kwanza.

Tukiwa kwenye lugha: mistari myekundu ikijaa chini ya Kiswahili chako chote, ni kwa sababu Word inadhani unaandika Kiingereza kibovu. Usizime ukaguzi wote. Nenda Review, Language, Set Proofing Language, uchague Kiswahili, na bora zaidi uweke hivyo ndani ya mtindo wa Normal wa kiolezo chako, yaani faili la msingi unaloanzia kila waraka. Mwongozo wenye Kiswahili cha maelezo na Kiingereza cha majina ya vitufe ni jambo la kila siku kwetu, na kila lugha inastahili kukaguliwa kwa kipimo chake.

Dalili: nyumbani ni kurasa 60, steshenari ni 63, na kichwa kimebaki peke yake chini ya ukurasa

Vyanzo vitatu, vya kuangaliwa kwa mpangilio huu.

Karatasi. Violezo vingi vya kupakua vimetengenezwa Marekani, ambako karatasi ya kawaida ni Letter, milimita 215.9 kwa 279.4. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Letter ni fupi kwa karibu sentimita mbili. Badilisha Layout, Size kabla hujaandika hata sentensi moja.

Fonti. Tangu mwaka 2023 Microsoft ilianza kuifanya Aptos kuwa fonti ya kawaida ya Word mpya badala ya Calibri. Kompyuta ya steshenari yenye Office ya zamani haina Aptos, hivyo inachukua fonti nyingine yenye upana tofauti, mistari inavunjika kwingine, na kurasa zinaongezeka. Tumia fonti iliyopo kwenye kila mashine, au ambatanisha fonti kwenye faili kupitia File, Options, Save.

Chanzo cha tatu ni kupeleka .docx steshenari. Peleka PDF. Na usiitengeneze kwa njia ya Print. Tumia Save As, chagua PDF, fungua Options na uweke alama kwenye Create bookmarks using Headings. Msomaji atapata orodha ya vichwa pembeni, bofya na kuruka. Kwa mtu anayesoma mwongozo wa kurasa 60 kwenye simu akiwa juu ya mnara wa tangi la maji, hilo si jambo dogo.

Keep with next kwenye mitindo yote ya vichwa inamaliza kile kichwa yatima.

Dalili: namba za ukurasa zinaanza upya katikati, au kubadilisha kurasa za mwanzo kunabadilisha zote

Kuna mipaka ya sehemu ndani ya faili. Ctrl+Shift+8 itakuonyesha ilipo, mistari miwili yenye maneno Section Break. Ingia chini ya ukurasa, angalia Link to Previous: ikiwaka, sehemu hiyo inaiga iliyotangulia. Kwa namba, Format Page Numbers, Continue from previous section. Ukifuta mpaka wa sehemu, maandishi yaliyo juu yake huchukua mpangilio wa sehemu iliyo chini. Ndiyo maana ukurasa uliolala unaweza kusimama ghafla.

Dalili: jedwali la vipuri limetoka Excel na namba zimebadilika

Mwandishi wa nyaraka za kiufundi hutumia muda mwingi kwenye Excel kuliko watu wanavyodhani: orodha za vipuri, misimbo ya makosa, ratiba za matengenezo. Na Excel ina tabia moja ya kujua sana. Ukimpa 00417 anaona namba, anakata sifuri. Ukimpa 1-2 anaona tarehe. Kipuri chenye msimbo 3E10 anakisoma kama 3 ikifuatiwa na sifuri kumi. Namba za simu zetu zinazoanza na 07 zinapoteza 0. Na kwa kuwa Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, namba ya NIDA yenye tarakimu 20 ikichapwa bila vistari, tano za mwisho zinageuka sifuri, na hakuna kitufe cha kuzirudisha.

Usidhani ni tatizo la wanagenzi. Wanasayansi wa vinasaba walisumbuka miaka mingi na majina kama MARCH1 na SEPT1 ambayo Excel iliyageuza kuwa tarehe, hadi kamati inayopanga majina ya jeni za binadamu ikayabadilisha majina yenyewe, na mwaka 2020 ikachapisha miongozo inayozingatia tatizo hilo. MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1.

Tiba ni kuwahi. Chagua safu wima, ifanye Text, ndipo ubandike. Faili la CSV usilifungue kwa kulibofya mara mbili. Lifungue kupitia Data, From Text/CSV, uonyeshe safu ipi ni maandishi. Na kila jedwali linapoingia kwenye mwongozo, chukua misimbo mitano bila mpangilio uilinganishe na lebo za vipuri vyenyewe. Mteja akiagiza kipuri kwa msimbo uliokatwa sifuri, atapokea kitu kingine na mashine itaendelea kusimama.

Dalili: wahandisi wanne wamekurudishia faili manne, kila mmoja na marekebisho yake

Usinakili kwa mkono. Review, Compare, Combine inaunganisha mawili mawili na kuonyesha nani kabadili nini. Safari ijayo washa ufuatiliaji wa mabadiliko (Track Changes) kabla ya kutuma, na uwape majina ya faili yenye tarehe mwanzoni, mfano 2025-03-14_mwongozo_pampu, ili yajipange yenyewe kwenye folda.

Onyo ambalo nalisema kwa moyo wote: No Markup huficha mabadiliko na maoni, haiyafuti. Nimewahi kuona waraka ukimfikia mteja, naye akawasha onyesho na kusoma maoni ya ndani kuhusu bei. Kubali au kataa kila badiliko, futa maoni, kisha File, Info, Check for Issues, Inspect Document.

Dalili: umeme umekatika, na faili halifunguki

Jaribu kwa mpangilio huu. File, Info, Manage Document, utafute nakala ambayo Word ilihifadhi yenyewe. Kawaida hufanya hivyo kila dakika 10, na unaweza kuishusha hadi 1. Ikishindikana, kwenye dirisha la kufungua faili bofya mshale ulio pembeni ya Open na uchague Open and Repair. Likifunguka lakini linayumba, nakili kila kitu isipokuwa ¶ ya mwisho kabisa na ukibandike kwenye waraka mpya, kwa sababu alama hiyo ya mwisho hubeba mpangilio wa sehemu nzima na mara nyingi uharibifu unakaa humo.

Yote yakigoma, kumbuka kwamba .docx ni furushi la zip lenye faili nyingi za XML, maandishi yaliyofungwa kwa lebo, ndani yake. Badilisha kiendelezi cha nakala kiwe .zip, ifungue, ingia folda ya word kisha media. Picha zako zote zimo humo. Maandishi yamo kwenye document.xml.

Na usihariri faili likiwa kwenye flashi. Linakili kwenye kompyuta, fanya kazi, kisha ulirudishe.

Dalili: "Najua Word," lakini kwenye jaribio la ajira unakwama

Jaribio la kazi hizi mara nyingi ni faili chafu: kurasa 15, vichwa vimekolezwa kwa mkono, namba zimevurugika, marejeo yamekufa, nawe una saa mbili. Anayekuajiri hatazami tu ukurasa uliochapishwa. Atabonyeza Ctrl+Shift+8 kama ulivyofanya wewe juu pale.

Chanzo cha kukwama ni kwamba umejifunza vitufe bila kupata faili la kuviumiza. Jipe wiki mbili. Tafuta kifaa ulicho nacho nyumbani, jiko la gesi, ruta, cherehani, na ukiandikie mwongozo wa kurasa 20 kwa Kiswahili: taratibu 6, picha 12 ulizopiga mwenyewe, jedwali moja la misimbo au vipuri, marejeo yasiyopungua 15. Anza na kiolezo, faili la .dotx lenye mitindo yako yote, kabla ya neno la kwanza la mwongozo. Hapo ndipo utakapokutana na dalili zote hizi ukiwa huna mteja mlangoni.

Kama huna leseni ya Office, usingoje. LibreOffice ni ya bure, Writer yake ina mitindo mizuri sana, F11 inaifungua, na inakuja na fonti ya Carlito yenye vipimo sawa na Calibri. Orodha za ngazi nyingi huweza kuyumba kidogo faili likihamia Word, kwa hiyo lijaribu kwenye Word kabla ya kulituma.

Ujuzi huu haufii kwenye Word. Kampuni za programu nyingi huandika nyaraka kwa Markdown, maandishi ya kawaida yenye alama chache za muundo, na kuzihifadhi kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya faili; viwanda vikubwa hutumia mifumo ya XML kama DITA, ambayo imekuwa kiwango rasmi cha OASIS, shirika la kupanga viwango, tangu 2005. Kote huko utaulizwa swali lile lile: aya hii ni nini? Aliyezoea kujibu kwa mitindo ya Word huvuka kwa wiki chache. Aliyezoea kukoleza na kupanua herufi huanza upya.

Kwenye wasifu wako futa mstari unaosema una ujuzi wa kompyuta. Andika: "Nimetengeneza kiolezo cha mwongozo chenye mitindo 14, na mwongozo wa kurasa 20 wenye marejeo hai," uambatanishe .docx na PDF vyote viwili.

Kabla ya kuituma, mpe rafiki .docx hiyo. Mwambie aongeze hatua mbili katikati ya utaratibu wa tatu, afute picha moja, ahamishe kichwa kimoja, halafu abonyeze Ctrl+A na F9. Keti pembeni yake bila kushika kipanya. Popote namba itakapokosea, hapo ndipo pa kurudi.